Inouye si mkono uliokatika tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Daniel Inouye, askari aliyekuja kuwa mbunge Marekani, ilikaa mno kwenye vita vya Italia, Aprili 1945, alipopoteza mkono wa kulia. Ushujaa huo nauheshimu kwa moyo wote. Lakini aliiwakilisha Hawaii bungeni tangu ilipofanywa jimbo mwaka 1959 hadi alipofariki 2012, na miaka hiyo yote mkaipa mistari miwili.

Kinachoniuma zaidi ni kuachwa kwa suala la nishani. Inouye alijitolea jeshini 1943, wakati Wamarekani zaidi ya 100,000 wenye asili ya Japani, watu wa damu yake, wamefungiwa kambini na serikali yao wenyewe kwa kuwa Marekani ilikuwa vitani na Japani. Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa, aliipata mwaka 2000 tu, baada ya rekodi za askari wenye asili ya Asia kupitiwa upya. Miaka 55!

Naomba mchapishe sehemu ya pili, ihusu kazi yake ya useneta: kamati ya 1973 iliyochunguza Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, na uchunguzi wa Seneti aliouongoza 1987 kuhusu Iran-Contra, kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapa fedha waasi wa Nicaragua.

Msomaji wenu,
Tanga