Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: mjane wa reli asihamishwe kabla ya mafao

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuomba jambo moja tu. Mfanyakazi wa reli anapofariki akiwa bado kazini, mjane na watoto wake wasitolewe kwenye nyumba ya kazi mpaka mafao ya marehemu yalipwe.

Baba yangu alipigana Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, alipelekwa Mwanza kwa treni, akavuka ziwa hadi Bukoba, na kutoka huko wakaendelea mbele. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa mzima, tofauti na wenzake waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya. Alipoachana na jeshi aliajiriwa reli, kwenye genge moja, yaani kambi ya wafanyakazi wanaotunza njia ya reli, kati ya Kilosa na Gulwe. Anayeijua Reli ya Kati anakijua kipande hicho: mvua zikizidi, mto Mkondoa na vijito vyake hula tuta, na treni husimama.

Huko ndiko tulikokulia. Nyumba chache zimepangana kando ya njia, mnyapara anakaa ya kwanza, na shule iko mbali. Tulikwenda shule juu ya reli yenyewe, tukiruka taruma hadi taruma, jambo ambalo kila mzazi alilikataza huku akijua hakuna njia nyingine. Kiberenge cha mkaguzi kikisikika tulijificha vichakani.

Reli ilimwajiri baba, lakini kazi tuliifanya nyumba nzima. Usiku wa mvua yeye alitoka na taa kukagua njia, na mama alibaki macho akisikiliza mto. Alijua kuutofautisha mvumo wa maji yanayopita na mvumo wa maji yanayobomoa. Akisikia ule wa pili, aliamsha mtoto mkubwa akamwambie mnyapara. Hakuna karatasi ya mshahara iliyowahi kuitaja kazi hiyo, na mama hakuwahi kuidai.

Kuna kitu kingine ambacho faili haliandiki. Watu wa njia hubeba baruti ndogo zinazofungwa juu ya reli. Gurudumu likizikanyaga zinalipuka, dereva anajua mbele kuna hatari. Baba alizifunga kwa utulivu kuliko wenzake wote. Lakini siku moja walizilipua kwa mafunzo, akarudi nyumbani, akakaa uani hadi giza likaingia, chakula hakukigusa. Mama alitupeleka kwa jirani, akatuambia baba amechoka. Miaka mingi alituambia hivyohivyo: baba amechoka. Askari aliporudi kutoka vitani alipokewa kwa ngoma, kisha mkewe akaachiwa usiku uliofuata, na ule wa baada yake. Sijawahi kusikia hotuba ya Siku ya Mashujaa inayomtaja mwanamke huyo.

Baada ya vita Mwalimu aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Mama alikuwa na utani wake: mkanda wa genge ulitoka kiwandani bila tundu la kulegezea.

Baba alifariki akiwa bado mwajiriwa. Hapo ndipo tulipojua kwamba mtu aliyetumikia nchi mara mbili huacha mafaili mawili yasiyofahamiana. La jeshi lilikuwa na jina la babu, la reli lilikuwa na jina la ubatizo. Mama akatakiwa alete kiapo cha majina. Akaleta. Akatakiwa barua ya mahakama ya kumthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Akaleta. Kisha karatasi moja ikapotea kwenye ofisi aliyoikabidhi, akaambiwa aanze upya. Katikati ya safari hizo notisi ya kuhama ilifika, na ndiyo karatasi pekee iliyokuja kwa wakati.

Najua jibu la kawaida: nyumba ni ya kazi, na anayechukua nafasi ya marehemu naye ana familia. Ni kweli kabisa. Aliyekuja baada ya baba hakuwa adui yetu. Mama alimzungusha akamwonyesha mahali maji huanzia kutoboa tuta. Lakini ucheleweshaji hakuuleta mjane. Mafao yakilipwa ndani ya mwezi, atahama ndani ya mwezi. Yakikaa mwaka, basi mwajiri ndiye amtafutie mfanyakazi mpya pa kulala. Gharama ya kuchelewa aibebe anayechelewesha, na ninaamini mafaili yatatembea kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona.

Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na mimi pia nimeipanda kwa furaha. Hata hivyo reli ya zamani bado inabeba mizigo, bado inasombwa, na bado kuna watu wanaoikagua usiku wakiwa wameacha wake na watoto nyumbani. Baadhi yao nao wametoka jeshini.

Sidhani kama ombi hili linahitaji Bunge. Naona waraka wa wizara yako ungetosha, wenye sentensi moja: notisi ya kuhama haitatolewa kwa familia ya marehemu kabla ya uthibitisho wa malipo ya mafao. Kama nimekosea na kuna sheria inayozuia, itaje hadharani ili tujue wa kumwandikia barua inayofuata.

Wako,
Mtoto wa genge