Dada, Nywele Zangu Zipo na Saratani Pia Ipo

Dada yangu,

Simu zako naziona. Sipokei kwa sababu kila tukiongea unaniuliza kama nimekula, tunaagana, na lile neno linabaki pale pale. Bora niandike, tena hadharani, maana nawe ulilisema hadharani.

Siku tuliyomzika baba nilikuwa nimekaa na wafiwa, joto likanipanda ghafla kifuani, shingoni, usoni, macho yakaiva. Nikainuka mbio kwenda chooni. Narudi, nakukuta mlangoni na mashangazi unasema, "Saratani gani hiyo isiyonyonyoa hata unywele mmoja? Huyu kazoea kuhudumiwa." Uliniona. Ukaendelea kugawa vikombe.

Angesema mwingine ningemwachia Mungu. Lakini wewe ulikuwa unajua! Ndiye uliyenitunzia lile dumu la mkojo wa saa 24 kwenye friji yako, ukalifunga mifuko miwili watoto wasiulize. Ukaficha ndizi, nanasi na parachichi kwa kuwa maabara walisema zinaharibu kipimo. Hakuna aliyewahi kunifanyia vile, na sitasahau.

Basi nirudie. Uvimbe wangu ulianzia kwenye utumbo mwembamba, kwenye seli zinazotengeneza homoni. Zinamwaga serotonini na kemikali nyingine, ambazo kwa kawaida ini huzisafisha. Ini langu limeshaingiliwa na saratani, kwa hiyo zinazagaa mwilini, uso unawaka na tumbo linafunguka. Saratani hii mara nyingi hukua polepole, na kwa mgonjwa kama mimi tibakemia, ile inayonyonyoa nywele, siyo dawa ya kwanza. Nachomwa sindano ya oktreotidi, dawa ya kupunguza homoni hizo, kwenye nyama ya tako kila baada ya wiki nne. Hiyo haimalizi nywele. Inaniachia donge gumu, nakaa upande mmoja siku nzima.

Na kabla ya hapo nilitibiwa amiba, nikatibiwa vidonda vya tumbo, mwisho nikaambiwa ni mawazo. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi wetu. Ulaya wanaiita saratani adimu ikiwapata watu chini ya 6 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ukizijumlisha hizo adimu zote, ni zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani. Tuko wengi, ila kwenye foleni unakaa mwaka mzima hujakutana na mwenye ya kwako. Daktari anaita wenzake waje wakuone, kisha unarudi nyumbani kuwaeleza ndugu kwamba kweli unaumwa.

Dada, wewe nawe umri unakwenda. Tumbo likikusumbua miezi, usikubali kuambiwa ni wasiwasi. Andika saa, andika ulichokula, dai kipimo. Na chagua wa kumwambia. Mimi nilichagua. Mama sikumwambia kwa sababu alikuwa anamuuguza baba, na hata leo ningefanya vilevile. Mnasema nilificha ili nionewe huruma. Anayetaka huruma anaficha?

Alhamisi nina sindano, halafu picha ya ini. Nataka unipeleke wewe, simtaki mwingine. Ila kabla hatujatoka uwapigie mashangazi, mmoja mmoja, uwaambie ulichokuwa unakijua siku ile. Nitakaa hapo hapo kando yako nisikie.