Tabaka la chini, ukoko na kisima changu

Kigamboni,
Jumapili usiku.

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, mvua imekatika na joto limerudi kazini. Ile picha ya daftari la binti yako nimeisoma mara tatu. Maswali ya darasa la sita siku hizi, jamani! Atumie neno tabaka na visawe vyake katika sentensi, tena kwa maana ya vitu vilivyolala chini ya vingine. Ukaniandikia kwamba amekwama kwa sababu huko Mwanza mwamba hauko chini, uko juu, na nyumba zimeuparamia mgongoni. Nilicheka peke yangu, lakini una hoja. Mtoto aliyekulia juu ya jiwe, tabaka atalionea wapi?

Mimi nimeliona mwezi huu, tena kwa fedha zangu. Tunachimba kisima.

Ni nyuma ya jiko, fundi na kijana wake, sururu, koleo, ndoo na kamba, basi. Futi za mwanzo zilikuwa mchanga mweupe mtupu, kila wakiuchota unaporomoka upya. Ukafuata mchanga mwekundu wenye unyevu, ule ambao ukiufinya unabaki na alama za vidole. Chini yake mfinyanzi wa kijivu, unang'ang'ania koleo mpaka kijana akawa anaukwangua kwa kijiti. Nikainama ukingoni, ualimu ukanipanda, nikauliza, "Fundi, hilo ni tabaka la ngapi?"

Akainua uso kule shimoni. "Tabaka ndiyo nini tena, mama? Mimi najua udongo umebadilika mara mbili."

Nikajitia kumfundisha kwamba tabaka la chini ndilo lenye maji. Jirani yetu mmoja, mzee wa maneno, alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha kahawa, akadakia: "Mwalimu, tabaka la chini si ndio sisi tuliosimama huku juu? Maji yetu yako wapi?" Watu walicheka mpaka kijana akaiachia kamba. Bahati ndoo ilikuwa tupu.

Sasa nenda na utani huo kwa binti yako, maana ndani yake mna jibu. Neno tabaka tumelipata kwa Waarabu, na tumelitwika mizigo miwili: udongo na watu. Azimio la Arusha la 1967 lilipoeleza nchi ya kijamaa, lilisema haina matabaka mawili, la chini la watu wanaofanya kazi na la juu la wanaoishi kwa jasho la wenzao. Kwa hiyo akiandika "Tabaka la chini halina maji", ameandika sentensi mbili kwa wino mmoja. Mwache aandike hivyo hivyo. Na akiandika "tabaka ya chini" asikatwe alama, wengi wanasema hivyo na wengi wamechapisha hivyo, ingawa mimi mdomo wangu unataka "la".

Kwenye visawe ndipo ninapogombana na daftari lake. Ameandika "Chini ya mchanga kuna safu ya udongo" na amepigiwa vema. Sikatai kwamba watu husema. Ila safu kwangu ni vitu vilivyojipanga bega kwa bega: safu ya milima ya Usambara, safu ya ulinzi ya timu yako inayofungwa kila wiki. Udongo haujipangi bega kwa bega, unalaliana. Daraja nalo aliache kwenye mambo ya vyeo na hadhi za watu, shimoni halifai.

Mpeleke kwa mafundi ujenzi badala yake. Tofali zikishapangwa mstari mzima kuzunguka nyumba, mstari huo wanauita kozi. "Tumefika kozi ya nne." Na kabla ya kozi ya kwanza kuna msingi, ndani ya msingi kuna kifusi kilichoshindiliwa, juu ya kifusi wanamwaga jamvi la zege. Hapo hakuna hata mmoja aliyetamka tabaka, na nyumba nzima imesimama juu ya matabaka. Au abaki jikoni kwako. Uji ukipoa unatanda utando juu. Wali ukipikwa kwa makaa unaacha ukoko chini. Utando na ukoko vyote ni tabaka, lakini la kwenu wanalogombania watoto ni lile la chini, lile unalolikwangua kwa mwiko likatoka kipande kizima, kahawia upande mmoja, jeupe upande wa pili. Wengine wanaliita utandu. "Ukoko ni tabaka la chini la wali": hiyo ni sentensi yenye harufu! Na maji ya kisima kipya ukiyaacha usiku kucha kwenye ndoo yatuame, asubuhi unakuta mashapo chini. Neno zuri hilo, amuonyeshe mwalimu wake wa jiografia pia, kwa sababu miamba mingi ilianza hivyo hivyo, kama mashapo.

Halafu mkumbushie Oldupai, lile korongo la kule Ngorongoro, wewe uliyelala ndani ya basi kutoka Karatu mpaka getini! Ulipoamka tulikuwa tumesimama ukingoni, korongo linashuka karibu mita 90. Chini kabisa lava nyeusi iliyoganda, juu yake matabaka ya kijivu, kisha lile jekundu ambalo hata mwenye macho mabovu analiona. Mtembeza wageni akasema tabaka la kwanza ndilo la chini, na wewe ukabisha kwamba la kwanza ni la juu kwa kuwa ndilo unalokutana nalo kwanza. Mliendeleza mpaka kwenye kivuli cha makumbusho. Leo nakuambia ulikuwa unahesabu kama fundi wangu wa kisima, anayeanza na anachokichota. Wataalamu wa kule korongoni wanahesabu kama mwashi na kozi zake: kilichotangulia kulala ndicho namba moja.

Na wana sababu. Fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, aliloliona mtafiti Mary Leakey Julai 1959 lilitoka kwenye tabaka hilo la kwanza. Umri wake, miaka milioni 1.75 hivi, haukupatikana kwa kulipima fuvu lenyewe. Wataalamu walipima majivu ya volkano yaliyolala tabaka moja nalo. Yaani udongo ndio uliotoa cheti cha kuzaliwa. Mtu akichimba ovyo akachanganya la chini na la juu, cheti kimechanika, hata mfupa ungekuwa mzima kiasi gani. Fuvu lenyewe tunalo hapa Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, na mimi naishi ng'ambo tu ya kivuko, lakini korongo lilikotoka nimelitembelea kuliko makumbusho yenyewe. Aibu yangu hiyo, usimwambie mtu.

Nilitaka kumaliza jana lakini fundi akaniita. Chini ya mfinyanzi wamekuta vipande vya matumbawe, vyeupe, vyenye vitundu, mtaimbo ukivigonga vinalia. Bahari ilikuwa hapa nyuma ya jiko langu, somo! Maji yameanza kuchuruzika pembeni. Nimeyaonja, yana chumvi kidogo, si ya kunywa, ila ya kufulia na kumwagilia mchicha yanatosha. Fundi anasema tukishuka zaidi tutayaharibu, chumvi itazidi. Kwa hiyo tumekomea hapo, na jirani yangu ameshaleta ndoo mbili, moja yake na moja ya mkewe.

Mwambie binti yako anitumie sentensi zake kabla hajazipeleka shule. Na ukipata mtu anayeshuka huku, nifungie dagaa, wale wakavu wasio na mchanga.

Ni mimi somo yako.