Ramani ya nyumba Goma ianzie kwenye ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenzangu wa Goma wanaojijengea nyumba za familia wasigawe vyumba kabla ya kuichunguza ardhi. Wengi wetu tunajenga juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyoufunika moyo wa mji mwaka 2002 na kufika tena viungani mwaka 2021, na mawe hayo ni magumu mno kuchimba. Kwa hiyo mahali pa shimo la choo papangwe kwanza, vyumba vifuate.

Kinachoniumiza zaidi ni mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini. Hewa hiyo ya kaboni dayoksaidi haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Ndiyo maana, hususan upande wa magharibi kuelekea Sake, chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa kiwanja ni hatari kwa watoto wanaolala sakafuni. Nilipojenga, fundi alitaka kukiweka chumba cha watoto katika bonde la nyuma ili tuokoe mawe ya msingi. Nilikataa; tulilijaza bonde lile, na leo chumba chao kinapandwa kwa ngazi tatu.

Jiko la makaa nalo likae uani, mbali na madirisha ya vyumba vya kulala. Na kabla ya kupiga kamba ya msingi, waulizeni majirani wa siku nyingi: wao wanajua ni pembe gani kuku na mbuzi walikutwa wamekufa asubuhi.

Msomaji wenu, Goma