Tumbo limetulia, ila mimi na mume wangu hatukubaliani kuhusu dawa inayofuata

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, nimeolewa na tuna mtoto mmoja. Ninaugua vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi ya vidonda. Sio vile vidonda vya tumbo vinavyojulikana na wengi. Hivi vyangu vinakuja kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe, na wala havitibiwi kwa dawa za kupunguza asidi. Naanza na hilo kwa kuwa karibu kila ninayemweleza hunitajia dawa hizo, nami nimechoka kueleza.

Kwa muda mrefu dawa ya mesalazini, inayotuliza uvimbe wa utumbo, ilinitosha. Ilipozidiwa nguvu nikawa naharisha damu usiku na mchana, ndipo daktari akaniandikia prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, miligramu 40 kwa siku, kisha nishuke miligramu 5 kila wiki. Sitaki kuisema vibaya dawa hiyo. Damu ilikata upesi, nikaweza tena kutoka nyumbani bila kuwaza choo kiko wapi.

Lakini Shangazi, imenibadilisha hadi sijitambui kwenye kioo. Uso umekuwa mviringo, chunusi zimenitoka kama msichana wa shule, njaa haiishi. Usiku nilikuwa nakesha macho wazi. Baya zaidi ni hasira. Mtoto akimwaga maji kidogo tu namfokea hadi anajificha, na mimi kwa kawaida si mama wa namna hiyo. Daktari alinieleza kwamba yote hayo yanatoka kwenye dawa na yatapungua kadiri dozi inavyoshuka. Akaniambia vidonge vyote nivimeze asubuhi baada ya kula, na kweli usingizi umerudi kiasi. Ananipima sukari, na amenipa kalsiamu na vitamini D kwa sababu steroidi hudhoofisha mifupa.

Ndugu wameniambia niitupe leo hii. Hilo sitalifanya. Ukitumia steroidi kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya kutosha, na ukikatiza ghafla shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya hata ukapoteza maisha. Nashuka taratibu kama nilivyopangiwa. Sasa nimefika miligramu 15.

Shida yangu ni kinachofuata. Prednisoloni huzima moto wa ugonjwa, haiwezi kuulinda utumbo kwa miaka, na mesalazini peke yake imeshashindwa. Daktari anataka nianze azathioprini, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili. Alitueleza wazi, mume wangu akiwa pembeni: inaweza kuleta kichefuchefu mwanzoni, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kusumbua ini, na kwa wachache kuvimbisha kongosho. Kwanza nitapimwa kimeng'enya kiitwacho TPMT kuona kama mwili wangu unaweza kuivunja dawa hiyo, kisha nipimwe damu kila wiki mwanzoni, na baadaye kila baada ya miezi 3. Nijikinge na jua kali, kwani hatari ya saratani ya ngozi huongezeka. Hatari ya limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, pia huongezeka, ingawa ni kidogo.

Mume wangu aliposikia neno saratani, mazungumzo yakaishia hapo. Anasema tutafute mtoto wa pili kwanza, niache dawa zote, mwili uwe safi, nitunze tumbo kwa chakula. Daktari amesema kinyume: kwamba ugonjwa ukiwaka wakati wa mimba ndio unaoleta hatari zaidi ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa njiti, na kwamba wajawazito wengi huendelea na azathioprini chini ya uangalizi. Ushauri wake ni nikae miezi kadhaa nikiwa nimetulia bila steroidi, ndipo tujaribu.

Usimwone mume wangu ni mtu mbaya. Nilipokuwa hoi ndiye aliyefua mashuka yenye damu bila kunung'unika, ndiye aliyekuwa akinisubiri nje ya mlango wa choo usiku wa manane. Hata daftari la chakula alilianzisha yeye. Kwa daftari hilo tuligundua kwamba tumbo likiwaka, maziwa, mbegu na mboga mbichi hunitesa, na likitulia nala karibu kila kitu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nimeziacha, nikiumwa kichwa natumia parasetamoli. Kazini nimehamia meza iliyo karibu na choo. Haya yamenisaidia sana, na ndiyo yanayompa mume wangu hoja: kama daftari limefanya haya yote, kwa nini dawa kali? Namjibu kwamba chakula kinapunguza mateso lakini vidonda hakivifungi. Ananyamaza, nami naona wazi kwamba hajakubali.

Muda nao hautusubiri. Azathioprini huchukua miezi 2 hadi 3 kabla ya kufanya kazi sawasawa, na kila wiki ninayongoja ninazidi kushuka steroidi bila kitu cha kushika nafasi yake. Ninachoogopa ni damu kurudi, nianze tena miligramu 40 na uso huu huu.

Nianze dawa sasa, nimbembeleze nikiwa tayari naitumia? Naona hiyo ni kama kumpita pembeni mtu aliyenibeba. Au nimwombe daktari atuite tena wote wawili, mume wangu aulize maswali yake mwenyewe bila mimi kuwa mkalimani? Na kama kuna dada aliyebeba mimba akitumia azathioprini, naomba anieleze alivyozungumza na mwenzake.

Mke na mama mwenye wasiwasi