Nilipiga makofi daktari aliposimamishwa, leo naomba asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mmoja wa waliopiga makofi. Mpwa wangu alifika hospitali usiku akiwa na uchungu. Alfajiri mtoto akatoka hana uhai. Kwetu Wamwera mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake. Kwa hiyo kiongozi mmoja alipokuja wilayani kwetu, hapa Mkoa wa Lindi, na wananchi tukaambiwa tutoe kero, aliyenyanyuka kushika kipaza sauti nilikuwa mimi.

Nilisema yote, na mengine nikayaongeza kwa hasira. Kiongozi akauliza kama daktari aliyekuwa zamu yupo. Kijana akasogezwa mbele na koti lake jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alipofungua mdomo tu akaambiwa, "Usijitetee hapa." Papo hapo akatakiwa apishe uchunguzi. Vigelegele vikapigwa chini ya ule mwembe. Tangu niliposimama mpaka kijana anatumbuliwa, hata chai ya meza kuu ilikuwa haijapoa.

Neno lile limenikaa kichwani. Ni kweli, uwanjani si mahali pa kujitetea. Lakini basi si mahali pa kuhukumia pia. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na haki ya kukata rufaa. Kwa mtumishi wa umma, Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, inataka aelezwe tuhuma zake, apewe nafasi ya kujitetea, na uchunguzi ufanyike kabla hajaadhibiwa. Kusimamishwa kupisha uchunguzi si kosa, ilimradi anayesimamisha ni mamlaka yake ya nidhamu na uchunguzi wenyewe uwepo. Mkutano wa hadhara si mamlaka ya nidhamu ya mtu yeyote.

Wiki kadhaa baadaye muuguzi mmoja alininong'oneza sokoni. Usiku ule daktari alikuwa peke yake, yumo chumba cha upasuaji na mama mwingine, na gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu hospitali ya Nyangao. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia anamkingia kifua mwenzake, maana hao nao wanalindana. Karatasi ya kufuatilia uchungu wa mpwa wangu ingeonyesha alipimwa saa ngapi na nani, na daftari la chumba cha upasuaji lingeonyesha daktari aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Vitu viwili tu, viwekwe mezani mbele ya daktari na mbele yetu. Havikuwekwa.

Sisemi madaktari ni malaika. Wapo wanaowatukana wajawazito, na mimi mwenyewe nimewahi kuombwa "ya soda" mlangoni mwa wodi. Ila huku kwetu wengi hatujui kwamba mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumwita daktari, kumhoji, kumwonya, hata kumfuta kwenye rejista. Tunachokijua ni kungoja msafara wa magari upite. Ukipita, anayepaza sauti zaidi ndiye mwenye haki, na siku ile nilipaza mimi.

Nasikia yule kijana sasa yuko Dar es Salaam, hospitali binafsi. Kama alizembea, anaendelea kuzalisha wake za watu bila hata onyo. Kama hakuzembea, tumemfukuza daktari kwenye wilaya ambayo zamu ya usiku ina daktari mmoja.

Naomba mamlaka za afya zitupe sisi wafiwa majibu kwa maandishi kila uchunguzi unapotangazwa: nani alihojiwa, nini kilionekana, daktari alijibu nini. Mpwa wangu ana mimba tena, ya miezi sita, na ananiuliza kama safari hii ajifungulie palepale. Barua niliyopeleka hospitali kuulizia matokeo ya uchunguzi imegongwa muhuri wa "Imepokelewa". Nakala ninayo.

Mjomba mtu,
Lindi