Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA: tufundisheni propani kabla haijatuunguza

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam, na pole na majukumu. Mimi ni fundi majokofu hapa Temeke, mwaka wa kumi na tisa huu. Darasani sikupita, nilimshikia tochi fundi mkubwa pale Kariakoo hadi mkono ukazoea. Nakuandikia kwa sababu ya kijana mwenzetu aliyeungua.

Niliitwa kwenye mgahawa kumalizia kazi yake. Nilikuta ukuta wa nyuma ya friji umepiga weusi, na yeye amekaa juu ya kreti la soda, mkono wa kulia umefungwa kanga mbichi, nyusi zimeisha. Alikuwa anabadilisha kompresa. Akawasha tochi ya kuchomea akapasha kiungo cha bomba ili kiachie, kama tulivyofundishwa sote. Kilipoachia, gesi ikatoka na moto ukamrudia. Niliinama nikafuta kwa kidole mafuta ya chipsi yaliyoganda kwenye kompresa. Chini yake kulikuwa na stika: pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, na maandishi R290, gramu 120.

R290 ni propani, ndugu wa gesi tunayopikia, ila hii haitiwi harufu. Ikivuja, pua haikuambii kitu. Nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za majokofu kama R404A, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto karibu sawa na kilo 3,900 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana friji nyingi mpya za biashara zinakuja na propani. Uamuzi huo ni mzuri, naunga mkono. Lakini friji zimetufikia kabla ya mafunzo.

Kwenye propani, tochi huja mwisho. Kwanza majiko yote yazimwe, la mkaa likiwemo, na milango ifunguliwe, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa: inatambaa sakafuni na kukusanyika huko huko chini waliko mama zetu na majiko yao. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, inawaka. Umeme ukatwe kabla ya kugusa chochote, maana kuchomoa plagi wakati gesi imeshatapakaa ni kupiga cheche. Kisha gesi itolewe yote kwa mpira hadi nje penye upepo, mbali na moto na mitaro. Upitishe naitrojeni, gesi isiyowaka, isukume mabaki, uvute kwa pampu, ndipo ukate bomba kwa kikata bomba. Kuchomea kunafuata baada ya hapo, naitrojeni ikiendelea kupita taratibu ndani ya bomba.

Kujaza nako si kwa kupapasa bomba la kurudi kama lina ubaridi. Gramu 120 ni gramu 120, kwa mzani.

Yapo mawili ambayo lazima niyaseme wazi. Wapo wenzetu wanaopima uvujaji kwa oksijeni, kwa vile mchomeleaji wa jirani anao mtungi. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Na wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye friji iliyotengenezwa kwa R134a, gesi nyingine ya majokofu, ili kumpunguzia mteja gharama. Friji ile haikutengenezwa kwa gesi inayowaka: relei na thamostati zake hutoa cheche kila zinapowasha na kuzima.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, mamlaka yako tayari ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa sisi tuliojifunza mtaani. Naomba kwa fundi majokofu upimaji huo uwe na siku nzima ya propani, kwa vitendo, si kwa karatasi. Iwe Jumapili au jioni, maana fundi asipofanya kazi leo, nyumbani hapikwi. Na vyuo vyenu vituazime kwa vikundi, hata kwa ada ndogo, mtungi wa naitrojeni na regulata yake. Wengi wanajua unahitajika. Uwezo wa kuununua hawana.

Kijana yule amerudi kazini. Juzi alinipigia simu kutoka jikoni kwa mteja: kakuta kompresa isiyo na stika, aifungue au aiache? Nilimwambia azime majiko, atoke nje, anisubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi majokofu,
Temeke, Dar es Salaam